Je, ni kweli tarehe 12 Agosti tutapaa hewani kwa sekunde saba?

*"Shikamoo Mwalimu. Mimi niko Ngamiani, Tanga. Kwenye grupu letu la WhatsApp inazunguka sauti ya mtu anayesema kwamba tarehe 12 Agosti 2026, saa 11 na dakika 33 jioni kwa saa zetu, dunia itakosa nguvu ya uvutano kwa sekunde saba. Eti NASA wanajua, wana mradi wa siri wa dola bilioni 89 unaoitwa Project Anchor. Watu watapaa mita ishirini halafu waangushwe, na watakaokufa ni milioni 40. Mwanangu ana miaka 11. Wiki iliyopita nimemkuta usiku amejifunga mguu kitandani kwa kanga yangu. Shemeji yangu ni mvuvi, anasema siku hiyo haendi baharini. Kwenye kikoba wapo wanaotaka tugawane pesa kabla ya Agosti, na mmoja anataka kukopa sasa hivi, anasema wa kumdai hatakuwepo. Ustadhi wa madrasa naye kawaambia watoto kuwa siku hiyo jua litapatwa na hiyo ni ishara. Mimi si mjinga, lakini na mimi nimeanza kuhesabu siku. Nimwambie nini huyu mtoto?"*

Marahaba, mwanangu. Jibu fupi kwanza, ili ukitaka uliwahishe kwa mtoto kabla hujamaliza kusoma: hakuna atakayepaa. Saa 11 na dakika 33 jioni ya siku hiyo kikombe chako cha chai kitakuwa mezani, na ukikisukuma kitaanguka na kuvunjika kama siku zote. NASA wenyewe, shirika la anga za juu la Marekani, walishajibu hadharani kwamba jambo hilo halipo. Lakini najua jibu fupi halimfungui mtu kanga mguuni, kwa hiyo tukae.

Sipendi watu wanaowacheka walioogopa. Uzushi huu umetengenezwa kwa ustadi. Aliyeutunga hakusema "mwaka huu kutatokea balaa". Alitaja siku, saa na dakika, akatia bajeti, akatia jina la mradi. Anchor, yaani nanga! Sisi watu wa pwani tukisikia nanga tunaelewa moja kwa moja, kitu cha kukushikilia usichukuliwe. Kisha akaupachika kwenye jambo la kweli, maana siku hiyo jua kweli litapatwa. Mtu akiuliza akathibitishiwa hilo la jua, anameza na yale mengine yote. Hivi ndivyo uongo mzuri unavyosafiri, unapanda mgongoni mwa ukweli.

Sasa tuuchambue. Uvutano haukatiki kama umeme. Hakuna mtambo mahali fulani unaouzalisha, wala waya unaouleta Tanga. Kila kitu chenye mata, yaani kile ambacho vitu vyote vimeumbwa nacho, kinakivuta kila kitu kingine chenye mata. Chungwa la Muheza linaivuta dunia, na dunia inalivuta chungwa. Kwa kuwa dunia ni kubwa mno, tunaona chungwa tu ndilo linaloanguka. Nguvu hiyo inatokana na wingi wa mata uliomo duniani, ambao kwa kilo ni 6 ikifuatiwa na sifuri 24. Ili uvutano upotee kwa sekunde saba, ingebidi mata yote hiyo iondoke: milima ya Usambara, Bahari ya Hindi, chuma kilichoko kwenye kiini cha dunia, vyote viende pasipojulikana, halafu baada ya sekunde saba virudi pale pale. Anayekwambia uvutano utazimwa, muulize milima itawekwa wapi.

Na kupatwa kwa jua je? Kupatwa kwa jua ni kivuli. Mwezi unapita katikati ya jua na dunia, kivuli chake kinaanguka juu ya sehemu ya dunia. Ukikaa chini ya muembe saa nane mchana unapata kivuli, hupungui kilo. Lakini nikuambie kitu ambacho sauti hiyo haikukwambia, kwa sababu mimi napenda hesabu kuliko siri: jua na mwezi vikiwa upande mmoja juu ya kichwa chako, kweli vinakupunguzia uzito. Kwa mtu wa kilo 70, upungufu huo ni kama miligramu 11. Hiyo ni nusu ya punje ya mchele. Na hutokea kila mwezi unapoandama, si siku ya kupatwa tu. Umepoteza nusu punje yako mara nyingi tu tangu uzaliwe na hujawahi kugonga dari.

Shemeji yako anaijua nguvu hiyo kuliko mimi, ila anaiita kwa jina lingine. Anaiita bamvua. Mwezi ukiandama au ukipevuka, jua na mwezi vinavuta kwa mstari mmoja, maji yanajaa sana na kupwa sana. Katikati ya hapo ndipo panakuwa na maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo. Bahari ni pana, ndiyo maana mvuto mdogo ule unaonekana juu yake na hauonekani kwenye mizani ya duka.

Nimelileta hili kwa makusudi. Jua hupatwa siku ya mwezi mwandamo tu, haiwezekani siku nyingine. Kwa hiyo tarehe 12 Agosti na siku mbili tatu baada yake Tanga itakuwa na bamvua. Tena mwezi utakuwa karibu nasi kidogo kuliko kawaida, na ndiyo maana utatosha kulifunika jua lote. Maji yatapwa mbali, watu watatembea kwenye mchanga hadi mashua zilikolala, kisha yatajaa hadi juu. Nina hakika mtu atapiga picha, aitume kwenye grupu lenu na kuandika "mnaona sasa?" Mwambie shemeji akae tayari na jibu, maana yeye ndiye mtaalamu wa hapo.

Jambo la pili litakalowatisha watu ni vimondo. Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Agosti kila mwaka dunia inapita kwenye vumbi lililoachwa na nyotamkia iitwayo Swift-Tuttle, ambayo hulizunguka jua kwa takriban miaka 133 na mara ya mwisho ilipita karibu nasi mwaka 1992. Chembe zake, nyingi ndogo kama mchanga, zinaingia kwenye hewa kwa kasi kubwa na kuwaka. Mwaka huu mwezi hautakuwepo angani kuziharibu, kwa hiyo zitaonekana vizuri. Kwetu sehemu ya anga zinakoonekana kutokea iko chini upande wa kaskazini, hatuzioni nyingi kama watu wa Ulaya, lakini mtu akitoka nje alfajiri na mbingu ikiwa safi ataona kadhaa. Hazifiki chini. Mwamshe mtoto mkaziangalie pamoja.

Ukitazama saa, utaona mtunzi hakujisumbua hata kuhesabu. Kupatwa kwenyewe hakutaonekana Tanga hata kidogo. Kivuli cha kulifunika jua lote kitapita Greenland, Iceland na Hispania, na kilele chake ni saa mbili na dakika 46 usiku kwa saa zetu, jua letu likiwa limeshazama zamani. Saa 11 na dakika 33 wanayoitaja, mwezi utakuwa haujaanza hata kulimega jua mahali popote duniani. Kama sababu ni kupatwa kwa jua, mbona balaa linatangulia sababu yake kwa zaidi ya saa tatu?

Wengine, wakibanwa hapo, wanahamia kwenye mawimbi ya uvutano, yaani mtikisiko unaosafiri angani vitu vizito mno vikigongana. Wanasema mashimo meusi mawili, vitu vyenye mvuto mkubwa hata mwanga hauchomoki, yamegongana na mawimbi yake yatakutana hapa kwetu. Mawimbi hayo yapo kweli. Yalinaswa kwa mara ya kwanza tarehe 14 Septemba 2015 kule Marekani, kwa mitambo ya LIGO. Mashimo meusi mawili, kila moja likiwa na uzito wa takriban jua thelathini, yaligongana umbali ambao mwanga huchukua zaidi ya miaka bilioni moja kuuvuka. Na tufani lote hilo lilipofika hapa lilifanya nini? Kila mtambo una mikono miwili yenye urefu wa kilomita nne, na wimbi likaubadilisha urefu huo kwa kiasi cha karibu sehemu moja ya elfu ya upana wa protoni, kile kipande kilichomo ndani ya atomu. Wanasayansi walihangaika miongo kadhaa kujenga chombo cha kuhisi kitu kidogo hivyo. Wimbi hilo lilipita na Tanga pia, likapita katikati ya mwili wako, na hukuamka.

Hebu sasa tumpe mtunzi kila anachotaka. Tuseme uvutano umezima kweli, sekunde saba. Je, utapaa mita ishirini? Sisi Tanga tuko karibu na ikweta na dunia inatuzungusha kuelekea mashariki kwa kasi ya takriban kilomita 1,660 kwa saa. Uvutano ukikatika, unakuwa kama jiwe lililoachiwa kwenye kombeo, unakwenda moja kwa moja wakati ardhi inajipinda chini yako. Nimepiga hesabu: baada ya sekunde saba utakuwa umeachana na sakafu kwa sentimita kama themanini. Ni urefu wa meza ya chakula! Mita ishirini imetoka wapi? Imetoka kwenye hamu ya kutisha. Balaa halisi lingekuwa la hewa, bahari na miamba iliyokandamizwa kwa uzito wake wenyewe kuanza kutanuka, na mtu aliyeona hati ya siri ya wataalamu angeanza na hilo, asingeanza na watu kugonga dari. (Sehemu hii usimsimulie mwanao. Ni kwa ajili yako na wale wa kikoba.)

Dola bilioni 89 nazo ni hesabu ya mtu asiyeuliza bei. Bajeti yote ya NASA kwa mwaka ni kama dola bilioni 25, ya roketi, darubini, mishahara na kila kitu, na inajadiliwa hadharani bungeni kwao. Huwezi kuficha ndani yake kitu kinachoizidi mara tatu.

Unaweza kuniuliza, je, wataalamu hawawezi kutuficha hatari ya kweli? Hili ni swali la haki. Nikujibu kwa mfano. Mwishoni mwa Desemba 2024 darubini moja iliyoko Chile iligundua jiwe la angani lililopewa jina 2024 YR4. Hesabu za mwanzo zilionyesha huenda likaigonga dunia tarehe 22 Desemba 2032. Je, walificha? Walitangaza asilimia moja, na kadiri vipimo vilivyoongezeka wakatangaza hadi asilimia 3.1 mwezi Februari 2025, dunia nzima ikisoma. Siku chache baadaye vipimo vipya vikaishusha hadi karibu na sifuri, nayo wakaitangaza. Anga halina mwenyewe. Wachina wanaangalia, Wahindi wanaangalia, Wajapani wanaangalia, na maelfu ya watu binafsi wana darubini zao kwenye paa la nyumba. Siri ya angani haifichiki.

Na hatari zetu wenyewe huwa zinatangazwa vivyo hivyo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja pwani yetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa taarifa mapema, ikasema kiko wapi na kinaelekea wapi, na boti zikasimama. Taarifa ya kweli ina mtoaji unayeweza kumuuliza, na inabadilika kadiri hali inavyobadilika. Sauti ya kwenye grupu lenu haina jina, haina simu, na haijabadilika hata neno tangu ianze kuzunguka.

Mimi ni mzee, nimeshaokoka kiama kadhaa. Kulikuwa na sayari Nibiru, iliyotangazwa na mwanamke mmoja wa Marekani aliyedai kupewa habari na viumbe wa nyota nyingine. Ilikuwa itugonge Mei 2003. Haikuja, ikahamishiwa tarehe 21 Desemba 2012, ikafungwa kwenye kalenda ya Wamaya, watu wa kale wa Amerika ya Kati. Haikuja tena, mwingine akasema 23 Septemba 2017. Kinachonichekesha ni kwamba tarehe 23 Septemba ndiyo siku sayari Neptuni ilipogunduliwa, mwaka 1846, baada ya Mfaransa Le Verrier kukaa mezani na karatasi na kugundua kuwa kuna kitu kisichoonekana kinachoivuta sayari Uranusi. Sayari iliyofichika ilisalitiwa na mvuto wake zaidi ya miaka 170 kabla ya huyo wa mwaka 2017 kutuambia kuna sayari iliyofichika.

Nisicheke mno. Kabla ya 2012, mwanasayansi wa NASA David Morrison, aliyekuwa akijibu barua za watu, alieleza kuwa vijana walimwandikia kwamba wanafikiria kujiua kabla siku haijafika. Kwa hiyo tumrudie mwanao, maana yeye ndiye sababu ya barua yako.

Usimwambie "acha ujinga". Mtoto aliyejifunga kanga mguuni amefikiri. Amesikia tatizo akatafuta nanga yake. Mwambie hivyo hivyo, kwamba umeona alivyojitahidi, kisha mweleze kwa nini haihitajiki. Kumnyang'anya simu kutapunguza kusikia, nakubali, na kwa wiki hizi zilizobaki ningeifunga hiyo sauti isichezwe nyumbani. Lakini simu peke yake haitoshi, kesho atayasikia shuleni. Bora mfanye vitu kwa mikono. Mpeleke dukani apimwe kwenye mizani leo, aandike. Apimwe tena siku ya mwezi mpevu, aandike. Kisha tarehe 12 jioni. Mwache atafute mwenyewe zile miligramu 11. Wengine hupenda kumpeleka mtoto mbali siku yenyewe, kwa bibi shambani, ili asahau. Mimi sioni kama kunasaidia, kwa sababu atajua mmekimbia kitu. Kaeni nyumbani.

Kuhusu ustadhi, mimi si shehe na sitaingia shamba la mtu. Nakumbusha tu yale mwanao atakayoyasoma hapo hapo madrasa: kwamba jua lilipopatwa siku aliyofariki Ibrahim mwana wa Mtume, Mtume mwenyewe aliwaambia watu kuwa jua na mwezi ni ishara za Mungu na havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote. Na elimu ya Kiama, kwa wote wanaoamini, iko kwa Mungu peke yake. Basi huyo wa kwenye sauti aliyepata saa na dakika, kaipata wapi? Nenda kamuulize ustadhi hivyo kwa adabu, uone kama hatakusaidia kumtuliza mtoto.

Shemeji asipokwenda baharini sitamlaumu, ila asisingizie uvutano. Agosti ni kusi. Atazame utabiri wa upepo na mawimbi, na kama bahari ni chafu, ngalawa ibaki pwani.

Kikoba msikivunje. Katiba yenu imeweka siku ya kugawana, fuateni hiyo. Na huyo anayetaka kukopa kwa sababu wadai watakufa, mkopesheni kwa masharti yale yale ya kila mtu, na wadhamini wawili waliosaini. Nina hamu ya kumwona asubuhi ya tarehe 13.

Kuna hali moja ambayo barua yangu haitoshi. Mtoto akiendelea kukosa usingizi kwa zaidi ya wiki mbili, akikataa chakula au shule, akianza kukojoa kitandani na alishaacha, au akisema maneno ya kufa au kujidhuru, hata kwa utani, usisubiri tarehe 12 ipite. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya rufaa ya mkoa pale Bombo, uwaambie wazi kuwa ni hofu, wasije wakapima malaria tu wakakurudisha. Namba 116 nayo ni ya kusaidia watoto, ni bure, unaweza kupiga wewe au akapiga yeye. Na wewe mwenyewe uliyeanza kuhesabu siku, kama moyo unakwenda mbio usiku, hayo yote yanakuhusu.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, mwezi ukipatwa alikuwa akitupa masufuria tuyapige ili chatu auteme. Tulipiga hadi mikono ikauma, na mwezi ukarudi kila mara. Septemba 2016 nilisafiri hadi Rujewa, Mbeya, kuliona jua likipatwa likabaki pete. Kofia yangu ilikaa kichwani.

Mwambie mwanao asihuzunike kuwa hili la Agosti halitaonekana kwetu. Tarehe 2 Agosti 2027, mchana, jua litapatwa tena, na safari hiyo Tanga tutaliona likimegwa sehemu. Mtafutie mapema miwani maalumu ya kutazamia jua, si ile ya kawaida ya jua wala filamu ya eksirei, maana hapo ndipo penye hatari ya kweli, jicho linaungua bila maumivu. Akiikosa, achukue chujio la nazi, alishike juu ya sakafu nyeupe, na kila tundu litamchorea jua dogo lililomegwa.